Picha Niliyoahidi Kuifuta

Wasomaji wenzangu, mimi ni mwanamke wa miaka arobaini na saba, mjane, mama wa watoto wawili wa kiume. Nina duka la nguo za ndani Kariakoo. Kwa miaka mingi nimesoma mikasa ya wenzangu kwenye kurasa hizi. Wengine nimelia nao, wengine nimewasonya na kufunua ukurasa... Leo nisonyeni na mimi.

Kwetu ni Kilimanjaro, lakini mimi nimekulia chini ya meza ya mama yangu, aliyeanza kuuza mitumba Kariakoo enzi za ruksa. Noti bandia naijua kwa kuigusa. Mteja mwongo namjua kabla hajafungua mdomo. Nilijiona mjanja, wasomaji! Nani angenitapeli mimi?

Jirani yangu wa duka ni Baba Sharifa, muuza vyombo vya plastiki, mtu mpole. Mwaka mmoja kabla ya mkasa wangu alitapeliwa kwa ile meseji ya "ile hela tuma kwenye namba hii". Alikuwa anajiandaa kumlipa mwenye nyumba kodi, meseji ikaingia, akadhani ndiye, akatuma. Basi nilimfanya kichekesho cha mtaa. Kila akipita mlangoni kwangu namuuliza, "Baba Sharifa, ile hela umeshatuma?" Wapagazi wanaangua kicheko, yeye anatabasamu na kuinamisha kichwa. Nikasema mbele za watu kwamba anayetapeliwa ana tamaa au ni mjinga, hakuna cha tatu. Maneno hayo nayakumbuka vizuri kwa sababu yalinirudia.

Sasa niwaeleze kazi yangu. Sidiria za kawaida kila mtu anauza. Mimi nilijulikana kwa zile za wanawake waliokatwa ziwa kwa ajili ya maradhi, zenye mfuko ndani wa kuwekea ziwa la bandia. Naziagiza China. Wanawake hawa hawapendi kupimwa dukani, na mimi siwalaumu. Duka langu lina pazia tu, na nje watu wanapishana na mizigo mabegani. Kwa hiyo niliweka utaratibu wangu: mteja anajipiga picha nyumbani kwake, ya mbele na ya ubavuni, ananitumia kwenye simu, na mimi naagiza kulingana na umbile lake. Niliona namsitiri mwanamke mwenzangu. Kila mmoja nilimwahidi kwamba nikishaagiza, picha naifuta.

Sikuzifuta.

Sikuwa na nia mbaya, Mungu ananiona. Nilisema moyoni kwamba mteja akirudi mwakani nisimsumbue tena. Lakini tukiambizana ukweli, ulikuwa uvivu. Ahadi niliitoa kama ninavyosema "karibu tena", bila hata kuisikia.

Mmoja wa wateja hao alikuwa Mama Nisha. Ni familia ya Kihindu, imekaa Mchafukoge tangu enzi za babu wa mumewe, ghorofa ya tatu, ng'ambo tu ya Mnazi Mmoja kutoka dukani kwangu. Kwangu hakuwa mteja tu. Mume wangu alipofariki, alishinda na mimi msibani, akakaa chini mkekani na wenzake, akimenya vitunguu. Binti yake wa pekee, Nisha, sidiria yake ya kwanza nilimchagulia mimi, mtoto akiona haya mpaka anajificha nyuma ya mama yake. Tangu siku hiyo aliniita mama, na hakuwahi kunipita bila shikamoo.

Mwaka wa mkasa huu Nisha alikuwa Kampala, mwaka wa mwisho wa masomo. Huku nyuma mama yake akagundulika na kansa ya titi. Akaenda India, akakatwa ziwa la kushoto. Binti akaambiwa mama amekwenda harusini kwa ndugu. Mama Nisha alinieleza haya nyuma ya pazia la duka langu, akinishika mkono.

"Bibi yake alikufa kwa ugonjwa huuhuu, na Nisha ndiye aliyekuwa analala naye chumba kimoja," alisema. "Akijua sasa hivi ataacha mitihani. Akirudi nitamkalisha, nimwambie mwenyewe, kwa mdomo wangu. Hicho tu ndicho ninachomwomba Mungu."

Nilimwambia asiwe na wasiwasi. Jioni ile akanitumia picha, tena akiwa anajaribu kutabasamu.

Ikafika Desemba. Mfanyabiashara yeyote wa Kariakoo anajua Desemba ni nini. Wateja wa mikoani wamejaa, duka lako tupu, mzigo wako uko baharini, na jirani wa ng'ambo ya barabara ameshapokea wa kwake. Mizigo yetu tunachanga kontena moja watu wengi, na kila mtu robota zake zimeandikwa maki, yaani alama yake ya kumtambulisha mwenye mzigo. Maki yangu ni ELGO, kutoka majina ya wanangu, Elia na Godlove. Mtu akikupigia akaitaja maki yako, basi ni mtu wa kontena. Ni ajenti, au mtu wa ghala, au mwenzako mliyechanga naye. Huulizi zaidi. Ndivyo tulivyozoeana.

Jumamosi moja mchana nilikuwa Feri, kwenye soko la samaki, nasubiri samaki wangu wakaangwe. Simu ikaita.

"Shikamoo Mama ELGO," sauti ya kijana, ya adabu kabisa.

Nikaitikia marahaba, moyo ukiwa umeshadunda. Akaniambia kontena letu limefika, lakini limeingia maji, na maki za robota kadhaa zimefutika. Zangu zimo. Zisipothibitishwa leo zitawekwa pembeni mpaka mwakani. Atanitumia linki, nijaze taarifa zangu, halafu zitakuja tarakimu kwenye simu, nimsomee.

Mwakani! Nikaona Krismasi yote inapita na mashelfu yangu matupu. Nikafungua ile linki nikiwa nimesimama. Ikaniomba namba yangu, nikaandika. Ikaniomba barua pepe na neno la siri, lile moja ninalotumia kwa kila kitu, nikaandika. Tarakimu zikaingia. Juu yake, kwa Kiswahili cha kueleweka, paliandikwa nisimpe mtu yeyote. Sentensi hiyo niliiruka kwa macho, nikazisoma tarakimu moja moja, kwa sauti kubwa, maana mafuta yalikuwa yanachachatika. Mkaangaji akaniuliza aweke ndimu? Nikamwambia weka.

Nilikuwa nimetembea kidogo tu kutoka Feri, samaki mkononi, nilipotaka kumwandikia mwanangu nikakuta akaunti yangu ya meseji imefungwa. Imehamia simu nyingine. Nikampigia ajenti wetu mwenyewe. Akashangaa. Akasema kontena lipo baharini, halijakaribia hata bandari.

Kwanza niliwaza watu watakaoombwa hela kwa jina langu. Kisha... kisha nikazikumbuka picha za wateja, ambazo simu yangu huzihifadhi kwenye barua pepe ileile niliyompa na neno lake la siri.

Njia yangu ya kurudi inapita chini ya ghorofa ya akina Mama Nisha. Nilisimama pale. Niliona nguo zao zimeanikwa kibarazani. Ngazi zilikuwa mbele yangu, na alikuwepo, nilimsikia akiongea juu. Ningepanda tu nikamwambia: dada, nimeibiwa, picha yako imo, mpigie Nisha sasa hivi kabla mtu hajatangulia.

Mnajua nilichokiwaza? Nilimwaza Baba Sharifa. Niliwaza atakavyoniuliza mbele ya wapagazi kama tarakimu nimeshasoma. Nikajiambia huenda mwizi anataka hela tu, picha hatahangaika nazo. Nikazima simu ili nisiulizwe na mtu. Nikaenda nyumbani, nikala samaki wangu.

Kesho yake Jumapili nilikwenda kanisani, nikaimba. Simu bado nimeizima.

Mambo yaliyotokea saa hizo nimeyajua baadaye. Mwizi alimwandikia Mama Nisha kwa namba yangu, na picha yangu ya kutabasamu pale juu, akamtaka atume hela la sivyo picha itasambazwa. Mama Nisha akadhani ni mimi! Alinipigia asubuhi, mchana, jioni, akakuta simu imezimwa. Mwanamke aliyemenya vitunguu kwenye msiba wangu alishinda siku nzima akiamini namgeuka kwa ajili ya hela. Naye hakutuma. Basi mwizi akapekua majina ya simu yangu, akamwona Nisha, akamtumia.

Fikirini, wasomaji. Mtoto yuko Kampala, kesho yake ana mtihani. Anafungua simu, anaona meseji kutoka kwa mama yake wa dukani, Mama Elia. Anaifungua akitabasamu. Anamwona mama yake mzazi kifua wazi, upande mmoja kovu.

Jumatatu asubuhi Mama Nisha alikuja dukani. Hakupiga kelele. Alisimama karibu na pazia, macho yamevimba, akaniuliza kama ni mimi. Nikamweleza yote, Feri, maki, linki, tarakimu. Nililia. Nikasema na mimi nimeibiwa kama yeye. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza mbona nilimwahidi nitaifuta.

Hapo ndipo nilipofanya jambo ambalo mwizi hakunilazimisha. Nilibanwa, wasomaji, na mimi nikibanwa mdomo unakuwa mkali. Nikamwambia, "Na wewe, nani alikutuma uonyeshe sura? Ungekata kichwa, nani angekujua?"

Alijitanda vizuri mtandio wake.

"Sura nilikuonyesha wewe, Mama Elia," alisema. "Mwizi sikumwonyesha."

Akaondoka. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Baba Sharifa alikuwa amesikia kila kitu. Nilingoja kicheko chake, hata nilikitaka, angalau tulipane. Hakucheka. Alifunga duka lake, Desemba ile yenye wateja, akanisindikiza kituoni kutoa taarifa. Njiani nilikuwa naropoka kwamba mtu wa kontena ndiye aliyeniuza, maana mwizi aliijuaje maki yangu? Baba Sharifa akanijibu taratibu, huku akiangalia mbele.

"Si huwa unaiweka status, Mama Elia? Kila mzigo ukiingia unapiga picha ukiwa umekaa juu ya robota."

Kweli. Miaka yote nilikuwa nawarusha roho wapinzani wangu kwa picha zile, ELGO imeandikwa kubwa nyuma ya mgongo wangu. Nilikuwa nimeutangaza ufunguo wa mlango wangu mwenyewe, halafu nashangaa mtu kaingia.

Kituoni walichukua maelezo. Mwizi hakupatikana hadi leo. Akaunti niliirudisha baada ya wiki, lakini kilichotoka kilikuwa kimeshatoka. Nisha aliacha mitihani, akarudi Dar, kama mama yake alivyohofia. Nilisikia kwa watu kwamba usiku anahamishia godoro chumbani kwa mama yake, asikilize anavyopumua.

Mzigo ukaja mwishoni mwa Januari. Ndani ya robota zangu ilikuwemo sidiria ya Mama Nisha. Niliiweka kwenye mfuko mzuri, nikapanda zile ngazi nilizoshindwa kuzipanda siku ile. Niligonga. Akafungua Nisha.

Sikusikia shikamoo. Nilibaki nimefungua mdomo, marahaba yangu tayari ulimini, haina pa kwenda.

Nikamwomba msamaha pale pale mlangoni. Nikamwambia nilidanganywa. Akasema analijua hilo, na kwamba hata yeye angeweza kudanganywa. Akaupokea mfuko kwa mikono miwili, kama alivyolelewa. Kisha akaniuliza kwa sauti ya chini, mama yake asisikie:

"Siku ile ulipojua, ulipita hapa chini?"

Nikasema ndiyo.

"Mama alikuwepo?"

Nikasema ndiyo, nilimsikia.

Akafunga mlango polepole, bila kuubamiza. Afadhali angeubamiza.

Wasomaji wenzangu, watu hubishana sana: aliyetapeliwa ana kosa au hana? Mimi niliyesema ni tamaa au ujinga, sasa nawaambia nilivyoona. Kusoma zile tarakimu nimejisamehe. Mwizi ni mwizi, anajua pa kukushika, na kila mtu ana Desemba yake. Lakini picha ile haikuwa yangu, nilikuwa nimeazimwa kwa ahadi, na ahadi hiyo mwizi hakuivunja, niliivunja mimi. Na zile saa za Jumamosi na Jumapili, nilipomficha Mama Nisha jambo lililomhusu yeye kuliko mimi, kisa tu nisichekwe... hizo hakuniibia mtu.

Siku hizi wateja wangu nawafuata majumbani na futi ya kupimia, simu naiacha dukani. Nawasihi, kama umeshika siri ya mwenzako, ifute leo, usingoje kumaliza kusoma ukurasa huu. Na ukitapeliwa, usiende nyumbani kula samaki. Mpandie ngazi mwenye siri yake siku ileile, ukiwa bado unatetemeka. Akutukane, akucheke, lakini apate nafasi ya kumwambia mtoto wake mwenyewe.

Mama Nisha tunasalimiana tukikutana. Nisha naye hunipungia mkono kwa mbali. Shikamoo yake bado naingoja.