Usufi wa Darubini

Kila siku baada ya shule, kabla hata ya kuvua sare, Kadii alipitia karakana ya baba yake kufagia maranda. Baba yake, Mzee Kiponda, alikuwa seremala pale Kibarani, mjini Kilifi, na kutwa nzima randa yake ilitema vipande vyembamba vya mbao vilivyojikunja kama pete. Kadii aliyajaza maranda hayo guniani, akapanga misumari kwa ukubwa wake, akafuta msumeno kwa kitambaa chenye mafuta. Alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili tu, lakini mtaa mzima ulimjua. Watu walisema, "Ukitaka jambo lifanywe sawasawa, mpe binti Kiponda."

Ndiyo maana, Januari ile ya mwaka 1986, mwalimu wake wa sayansi hakusita kumkabidhi darubini.

Mwalimu huyo, Zipporah Nyaboke, alikuwa mzaliwa wa Kisii. Darubini hiyo ya kutazamia nyota aliinunua kwa fundi mmoja Mtaliano wa Malindi aliyekuwa akifunga virago kurudi kwao. Haikuwa mpya. Rangi ilikuwa imebambuka na mguu mmoja ulikuwa umefungwa kwa waya, lakini kioo chake kikubwa cha mbele kilikuwa safi kabisa.

"Naituma kwa baba yangu, Mwalimu Phineas," alimweleza Mzee Kiponda. "Yeye ni mwalimu mkuu wa shule moja huko kwetu. Mwezi wa Aprili itaonekana vizuri ile nyota yenye mkia, ambayo huja mara moja katika miaka sabini na sita. Amewaahidi wanafunzi wake kwamba wataiona. Lakini kutoka hapa ni kuvuka feri, kisha Mombasa, kisha Nairobi, na barabara zenyewe unazijua. Itafika kweli?"

"Itafika, mwalimu, mradi isipate nafasi ya kucheza ndani ya sanduku."

Mzee Kiponda alichonga sanduku kwa mbao nzito, akalisugua kwa msasa hadi likang'aa. Kisha akamletea Kadii gunia la usufi uliotoka shambani kwa shangazi yake, Kahonzi.

"Shindilia usufi chini, juu na pande zote," alimwagiza. "Maranda usitie hata kidogo. Barabara ikiyapigapiga hushuka, na chombo kikipata nafasi hujivunja chenyewe. Ukimaliza, litikise. Ukisikia kitu kikigonga, fungua uanze upya."

"Ndiyo, baba."

Mzee Kiponda akaenda kupima mlango wa jirani. Kadii akabaki na gunia. Alitia mkono ndani, na usufi ule ukamnata vidoleni, mwepesi, laini, mweupe. Akaukumbuka mto wake wa kulalia, uliokuwa umebonyea ukawa bapa kama chapati. Gunia lilionekana kubwa. Nani angejua? Alichota mikono miwili, akachota tena miwili, akaukimbiza usufi nyumbani na kuushindilia ndani ya mto.

Aliporudi na kuanza kupakia, usufi haukutosha. Kwa shangazi Kahonzi kulikuwa mbali, na baba angeuliza mwingine umekwenda wapi. Kadii akatazama kushoto na kulia, akamwaga maranda chini ya sanduku, akailaza darubini juu yake, kisha akaifunika kwa usufi uliobaki. Kwa juu, sanduku lilipendeza kabisa.

Baba yake alirudi na nyundo mkononi. "Umelitikisa?"

"Nimelitikisa, baba."

Hakuwa amelitikisa. Mzee Kiponda hakuuliza mara ya pili. Alipigilia misumari.

Kwenye kituo cha mabasi, sanduku lilipokewa na Kombe Baya, hamali mwenye mabega mapana na maneno machache. Aliweka sahihi yake kwenye stakabadhi. Mwalimu Zipporah alipomwambia kwamba ndani mna kioo, hakulipandisha kwenye keria juu ya basi. Alilipakata mwenyewe hadi kwenye feri, akashuka nalo na kuvuka akiwa amelikumbatia, halafu akamkabidhi dereva ng'ambo ya pili.

Baada ya wiki tatu ilikuja barua kutoka Kisii. Mwalimu Zipporah aliisoma karakanani, na sauti yake ilikuwa ndogo. Kioo kikubwa kilikuwa kimechomoka mahali pake na kumeguka. Wanafunzi wa Kisii waliokusanyika kulifungua sanduku walirudi madarasani kimyakimya.

"Lilitupwa," alisema Mzee Kiponda, uso umemkunjamana. "Hakuna lingine. Twende ofisini kwao."

Kadii aliwafuata nyuma. Karani wa ofisi ya basi, Bwana Musembi, alisoma barua, akatazama stakabadhi, akamwita Kombe.

"Mombasa wanakana, na Nairobi wanakana. Sahihi iliyopo hapa ni yako."

"Nililipakata kama mtoto, bwana," alisema Kombe. "Waulize watu wa feri."

"Labda halikupakiwa vizuri?" karani akauliza.

Mzee Kiponda aliweka mkono wake begani kwa Kadii. "Bwana Musembi, mikono iliyolipakia naijua. Huyu mwanangu hajapata kunidanganya. Naweza kuapa."

Kadii alihisi mkono ule ukimchoma kama pasi. Alitazama sakafu, akaacha maneno ya baba yasimame. Siku hiyohiyo Kombe alisimamishwa kazi.

Tangu hapo Kadii hakupata raha. Alipotumwa sokoni, alimwona Kombe amekaa kwenye kreti tupu ya soda, mikono yake mikubwa imelala magotini bila kazi. Wapita njia walimtania, "Kombe, leo umevunja nini?" Kadii alijifunika uso kwa leso na kuzungukia nyuma ya vibanda asionekane. Darasani Mwalimu Zipporah alimpa kazi ya kukusanya madaftari, kwa kuwa alimwamini, na kuaminiwa huko kukamuuma kuliko kiboko. Na ule mto! Haukuwahi kuwa mnene vile, wala Kadii hakuwahi kukosa usingizi vile. Mwishowe aliusukuma chini ya kitanda, akalalia mkono wake.

Siku ya kumi na mbili, mama yake alisema wakati wa chakula, "Mke wa Kombe ameniambia mumewe anafikiri kuhama. Anasema hawezi kuishi mahali anapoitwa mharibifu."

Kadii aliacha tonge sahanini. Akatoka, akaenda moja kwa moja karakanani.

"Baba, si Kombe. Ni mimi."

Alieleza yote. Habari ya mto, ya maranda, na ule uongo wa kulitikisa sanduku. Hakuthubutu kumtazama baba yake. Alisikia randa ikisimama. Kadii alitamani apigwe. Lakini Mzee Kiponda alikung'uta maranda nguoni, akavaa shati lake safi, akasema, "Twende."

Walimkuta Kombe nyumbani kwake, na Mwalimu Zipporah na karani waliitwa. Kadii alidhani ataambiwa aseme yeye kwanza. Badala yake, baba yake alivua kofia na kuinamisha kichwa mbele ya yule hamali.

"Kombe, ndugu yangu, niliapa juu ya jambo nisilolijua. Nimekuvunjia heshima. Nisamehe."

Kadii hakuwahi kumwona baba yake akimwinamia mtu. Machozi yalimtiririka. "Mjomba Kombe," alisema huku sauti ikikatikakatika, "baba hana kosa. Mimi ndiye mwizi wa usufi, na mimi ndiye mwongo. Nilikuona pale sokoni, nikakupita."

"Nami nilikuona ukinipita," alisema Kombe. "Nilidhani hata watoto wananidharau."

Maneno hayo yalimwingia Kadii kama mwiba. Bwana Musembi alimwomba Kombe radhi mbele ya wote, na kesho yake hamali huyo alirudi kazini.

Darubini ilirudishwa Kilifi. Mwalimu Zipporah alimpelekea fundi wa miwani mjini Mombasa, ambaye alikigeuzageuza kioo na kutabasamu. Kilikuwa kimemeguka ukingoni tu. Alikirudisha mahali pake na kupaka rangi nyeusi sehemu iliyomeguka. "Itaona," alisema, "ila kwa mwanga mchache kidogo kuliko zamani."

Safari hii Kadii alichana mto wake na kuutoa usufi wote. Ulipokosa kutosha, alikwenda kwa miguu hadi kwa shangazi Kahonzi, akaeleza sababu bila kuficha, akarudi na gunia kichwani. Alipakia asubuhi nzima. Baba yake hakumuuliza kama amelitikisa sanduku. Kombe alipokuja kulichukua, alimpa yeye, naye akalitikisa mara tatu sikio likiwa ubaoni. "Kimya," alisema. Kadii aliona aibu kwamba neno lake halikutosha tena, lakini alijua ni haki.

Mwishoni mwa Aprili barua nyingine ilifika. Wanafunzi wa Kisii walikuwa wameiona nyota yenye mkia, mmoja baada ya mwingine, wamepanga foleni. Kadii aliomba ruhusa ampelekee Kombe habari hiyo kituoni.

"Shikamoo, mjomba. Darubini ilifika salama. Wameiona nyota."

"Marahaba. Nimefurahi." Kombe alitua gunia la nazi alilokuwa amebeba, akajifuta jasho. Kadii bado alikuwa ameinamisha macho. "Nitazame, mwanangu. Kutamani usufi ni kosa dogo, kila mtoto hutamani. Kubwa ni kuona mwenzako anaumia kwa kosa lako nawe ukanyamaza. Mimi nimebeba mizigo ya watu miaka kumi na saba: magunia, vitanda, hata jeneza. Lakini kosa la mtu halina hamali. Ukilificha humwelemea asiye na hatia, na wewe mwenyewe usipate nafuu. Libebe mapema, lingali jepesi."

"Nimesikia, mjomba."

"Haya. Nenda shule, kengele isikukute njiani."