Jini Lililomnyima Nathan Usingizi

"Marahaba, Felista."

Hivyo ndivyo Nathan alivyomwitikia mama yake kwenye simu ya video kutoka Kanada, na mama hata mdomo hajafungua. Ilikuwa Jumapili asubuhi, kijijini Ihanja, kuku wanagombea pumba mlangoni. Tangu lini mama akamwamkia mtoto aliyemzaa? Na hilo jina la Felista, marehemu mumewe peke yake ndiye aliyekuwa akilitamka, tena kwa kupunguza sauti.

"Labda mtandao, mama," alisema Jenipher, bintiye, aliyekuwa ameishika simu.

"Mtandao umenizidi umri?" Felista akasogeza uso kwenye kioo.

Huko Kanada ulikuwa bado usiku. Nathan amekaa kitandani, macho mekundu kama ya mpishi wa kuni mbichi, na ukutani nyuma yake kitu kinakwaruza, kwaruu, kwaruu, kama kucha juu ya bati. Halafu simu ikaanza kunuka. Wabishi watasema simu hainuki, wabishi hawakuwepo. Ilinuka manyoya mabichi, harufu ya mbuzi aliyenyeshewa akafungiwa ndani, na mbwa wa nyumba ile, asiyeogopa hata fisi, alitoka mkia umefichwa tumboni.

"Nathan, baba, umelala lini?"

"Sijui, mama." Sasa ilikuwa sauti yake mwenyewe, lakini ya chini, kama anasema akiwa ndani ya blanketi. "Nikifumba macho linanifumbua. Kwa vidole, mama. Kila likinifumbua linachukua kitu. Jana lilimchukua baba, nikawa sikumbuki sura yake. Na kijiji chetu... kijiji chetu kinaitwaje?"

Jenipher akaanza kulia. Felista akamkata jicho. "Kalilie nje. Ukimaliza, niitie Mzee Paschal."

Mzee Paschal alikuwa mganga anayetamba kwamba kuanzia Itigi hadi Kiomboi hakuna jini lisilomjua kwa sura. Akaja na pembe na kibuyu, akanuia, akainyunyizia simu dawa mpaka ikatiririka. Kwenye simu kikasikika kicheko.

"Mzee, unalowesha simu ya watu. Dawa yako mwisho wake Manyoni."

Midomo ya Nathan ilikuwa imefungwa. Paschal akafunga kibuyu chake bila haraka, kama mtu aliyekumbuka ana wageni nyumbani. "Mama Nathan," alinong'ona, "hili si la kwetu. Halijui hata miiko." Akaondoka.

Ndipo jini likasogea kwenye kioo, na Felista hakuona uso ila giza linalopumua begani kwa mwanawe, na giza lile likaanza kusema polepole, kwa sauti kama ya maji yanayoshuka kwenye shimo refu, kwamba lilimkuta Nathan amekaa peke yake kwenye chumba hicho, majira ya baridi yakaisha na mengine yakaingia na hakuna aliyemgongea mlango, na simu zilizotoka kwao zilikuwa za kutaka bati, za kutaka ada, za kutaka saruji, hakuna hata moja ya kumwuliza amekula nini, na nyumba isiyopigwa hodi ni yake yeye jini, na mtu asiyeitwa jina ni wake pia, ngozi na kila kilichomo.

Maneno yale yalimchoma Felista, maana yalikuwa ya kweli. Lakini hakuna aliyewahi kumwona mwanamke yule akilegea ulimi.

"Bati tuliomba," akasema. "Akaleta, likaezekwa. Chini ya bati hilo kuna kitanda chake, nakitandika kila Jumamosi. Wewe una kitanda wapi?"

Felista akawaza. Mwizi anayemzuia mwenye mali asilale anaogopa nini? Anaogopa mwenye mali alale, maana akilala atakwenda jini lisikoweza kumfuata. Na huyu mtoto, alipokuwa mchanga, alikuwa halali kwa kubembelezwa, wala kwa kunyonyeshwa. Alilala mgongoni, mama amepiga magoti, anasaga.

Jiwe la kusagia lilikuwa uani, limeachwa tangu mashine ya unga ifike kijijini, kuku wakilitia kinyesi. Felista alilisugua, akamwaga uwele, akaiegemeza simu kwenye ungo. Akapiga magoti. Jiwe la juu likaenda, likarudi. Hrrr-hrrr. Hrrr-hrrr.

"Acha hiyo kelele," jini likasema.

"Njoo uniachishe."

Nathan alianza kuyumba, mbele, nyuma, kama aliyebebwa. Kope zikashuka. Vidole virefu vyeusi vikatoka gizani vikazipandisha. Zikashuka tena. Harufu ikazidi, maziwa kwenye kibuyu yakakatika, kioo cha simu kikafanya ukungu, na mikono ya Felista ikaanza kuchubuka, damu ikiingia kwenye unga.

"Utachoka, mwanamke," jini likanong'ona. "Una miaka sabini. Mimi sichoki."

Felista hakuinua kichwa. "Nitachoka, ndiyo. Nikichoka yupo Jenipher. Jenipher akichoka huyo Sikudhani jirani anaingia na jiwe lake, unamsikia anavyokohoa? Nyuma yake yupo Magreth, na mawifi wa Magreth ni wakorofi kuliko yeye. Sisi tutapokezana hata masika. Wewe ukichoka, atakupokea nani?"

Wanawake walioingia uani wakati ule wanaapa mpaka leo: lile giza liligeuka, likatazama nyuma yake, chumba kizima, kona kwa kona, kama linatafuta mtu wa kulijibia swali. Hakukuwa na mtu. Mlango wa huko Kanada ukafunguka wenyewe, theluji ikapeperuka ndani, ukajibamiza.

Nathan akaanguka ubavu. Kisha ukaja mkoromo, mzito, wa kuaibisha, mkoromo halisi wa wanaume wa boma lile.

"Mama, amelala," Jenipher alinong'ona. "Pumzika."

"Nani kakwambia limekwenda mbali? Shika jiwe."

Wakasaga. Jua lilipofika utosini unga ulikuwa umejaa ungo, ukafurika chini, na kuku wakawa wanaukanyaga, na hakuna mwanamke hata mmoja aliyetaka awe wa kwanza kuinua mkono kutoka kwenye jiwe.