Kafedha na Maharagwe ya Kapteni

Kila jioni, akishamaliza kuteka maji na kufagia uwanja, Kafedha aliketi kizingitini kumngoja baba yake. Mzee Ngala alikuwa mpishi katika kambi ya askari pale Changamwe, miaka ile ya vita kuu ya pili. Alirudi akinuka moshi wa kuni, naye Kafedha akampokea kofia na kumpa maji ya kunawa.

Kafedha alisoma shule ya misheni. Mtaani kwao hapakuwa na mtoto mwingine aliyejifunza Kiingereza, na sifa za majirani zilikuwa zimemlevya kidogo.

Jioni moja baba yake alimwita kabla hata ya kuvua viatu.

"Kafedha!"

"Abee, baba."

"Leo yule Kapteni mgeni aliingia jikoni. Kiswahili chake ni cha kuokoteza. Alinieleza kwamba askari wanaondoka Ijumaa kwa meli, niwafungie chakula cha njiani. Kisha akanitikisia kidole, akasema Kizungu: 'Donti spili dhe binzi.' Nikaitikia tu, ndiyo bwana. Maana yake nini?"

Kafedha alifikiri. Neno la mwisho alilijua: maharagwe. Lile "spili" hakuwahi kulisikia. Lakini baba yake alimtazama kwa fahari, na mama yake, Jumwa, aliacha kukuna nazi ili asikilize.

"Anasema usiharibu maharagwe," akajibu.

"Una hakika, mwanangu?"

"Nina hakika, baba."

Mzee Ngala akacheka. "Kumbe! Ndiyo maana alisimama karibu na gunia la maharagwe."

Kesho yake aliyachambua maharagwe yale kama mtu anayeshika mayai. Aliporudi nyumbani alipitia kwa Musyoka, muuza mboga wa kambi, akamwambia, "Ijumaa usilete mboga, zitakuozea. Askari wanapanda meli." Alimwonea huruma tu. Musyoka akamwambia mkewe, naye mkewe akayafikisha maneno hayo bombani, wanawake walikoteka maji. Alhamisi asubuhi lango la kambi lilijaa wanawake waliokuja kuwaaga waume zao, wengine wakilia, wote wakiitaja meli kwa sauti.

Mchana huohuo askari walimleta Mzee Ngala nyumbani, mikono imefungwa, wakapekua kila pembe. Walisema ametoboa siri ya jeshi wakati wa vita.

"Haki ya Mungu, mimi niliambiwa maharagwe!" alilia. "Maharagwe tu! Muulizeni mtoto wangu!"

Kafedha alijificha nyuma ya mama yake. Askari wakaondoka na Mzee Ngala.

Mama Jumwa alikwenda langoni akafukuzwa, akarudi tena, akafukuzwa tena. Jirani yao Nzai, aliyezoea kuja kupiga soga, alifunga mlango alipomwona. Watu walinong'ona kwamba kosa kama lile adhabu yake ni kitanzi. Jikoni moto haukuwashwa. "Baba yako amekwisha," mama alisema, macho hayatazami popote. Kafedha alitamani ardhi ipasuke immeze.

Kulipokucha alikimbia hadi nyumbani kwa Mwalimu Jerioth, aliyemfundisha Kiingereza shuleni.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Mbona unahema hivyo?"

"Mwalimu, 'spili' ni nini?" Akamweleza yote, kwikwi zikimkata maneno.

Mwalimu akaweka chini kikombe chake cha chai. "Ni kumwaga. Lakini Mwingereza akikwambia usimwage maharagwe, hasemi habari za maharagwe. Anakutaka usitoboe siri. Wana misemo mingi ya namna hiyo. Akisema 'kipu mamu', hamtaji mama wa mtu, anakwambia unyamaze. Akikwambia ushike ulimi wako, usiukamate kwa vidole; funga mdomo. Hata sisi husema fulani amemwaga unga, nawe ukienda kwake hukuti unga sakafuni. Amepoteza kazi."

"Baba yangu atapoteza roho," Kafedha akasema. "Nilimwambia nina hakika, na sikuwa na hakika."

"Basi hayo hayo utamwambia Kapteni. Mimi nitayageuza kuwa Kiingereza, lakini ni lazima yatoke kinywani mwako."

Kiingereza cha mwalimu kiliwafungulia lango la kambi. Kapteni aliwatazama bila kutabasamu. Kafedha akasogea mbele.

"Baba aliniuliza maana ya maneno yako," alisema. "Sikuijua. Nikabahatisha, kwa sababu niliona haya kusema sijui. Kama kuna wa kufungwa, nifungeni mimi."

Mwalimu akafasiri neno kwa neno. Kapteni alifunika uso kwa kiganja, kisha akazungumza polepole.

"Anasema yeye pia amekosa," mwalimu akafasiri. "Alimpa mpishi wake onyo kwa lugha asiyoijua, wala hakuita mkalimani. Safari imeahirishwa, hakuna aliyedhurika. Baba yako atatoka sasa hivi, na Jumatatu arudi jikoni."

Mzee Ngala alitoka akichechemea, midomo imepasuka kwa kiu. Kafedha akamwangukia miguuni. "Nisamehe, baba."

Baba alimwinua, akamkumbatia, wakashika njia ya nyumbani. Nyumbani, mama alipokwisha kumnywesha uji, ndipo baba alipomwita bintiye akae karibu.

"Sikulaumu kwa kutojua Kiingereza," alisema. "Mimi mwenyewe sikijui. Nililoliegemea ni lile neno lako, 'nina hakika'. Nililiegemea kama ukuta, kumbe ni pazia. Ungesema hujui, ningeuliza kwingine, nikalala kwangu. Mtoto anayesema 'sijui' nitamwamini siku atakayosema 'najua'."