Ulimi wa Etyang

Kila Jumapili baada ya kanisa, wanaume wa kijiji kimoja karibu na Amukura walikusanyika kwa Ojakol. Katikati paliwekwa chungu cha ajon, pombe ya wimbi. Kila mtu aliingiza mrija wake mrefu chunguni, na porojo zikaanza. Etyang, dereva wa lori la Malaba hadi Kampala, alizipenda sana Jumapili hizo.

Siku moja alicheka mdomo wazi. Ojakol, aliyeketi mbele yake, akaacha kunywa.

"Etyang, hebu toa ulimi."

Akautoa. Ulikuwa na mabaka mekundu yenye ukingo mweupe, kama ramani. Ojakol akachomoa mrija wake polepole. Wengine nao wakachomoa. Hakuna aliyetaja ukimwi, lakini miaka hiyo ya tisini dereva wa lori hakuhitaji kutajiwa. Etyang aliachiwa chungu kizima, na hakuweza kunywa hata tone.

Nyumbani, habari zilikuwa zimemtangulia. Mkewe, Edith, alikuwa amehamishia godoro lake chumba cha watoto.

"Baba Elly, umeniletea nini kutoka safari?"

"Haki ya Mungu, mama Elly, sijui."

"Kama hujui, mwezi ukiisha mimi narudi kwetu Sigalame."

Etyang aliogopa zaidi kumpoteza mkewe kuliko alivyoogopa kufa. Akaamua kujitibu. Alinunua waragi, pombe kali, upande wa Uganda, akawa anasukutua kila asubuhi ili auchome ugonjwa. Wapi! Ulimi uliwaka moto hadi machozi yakamtoka. Baka la kushoto likatoweka, lingine likazuka kulia. Akajua amekwisha.

Edith alimwona akilia. Hasira alikuwa nayo, lakini bado alimpenda mumewe. Akamshika mkono, wakaenda zahanati.

Muuguzi, Sista Wilkista, alimulika ulimi kwa tochi, kisha akatabasamu. "Haya mabaka yanahama?"

"Yanahama, sista. Leo hapa, kesho pale."

"Elly pia alikuwa nayo akiwa na miaka tatu," Edith akakumbuka. "Ikaisha yenyewe."

"Basi ni hiyo hiyo, ya familia. Ngozi ya juu ya ulimi inatoka hapa, inamea pale. Si ugonjwa wa kuambukiza, na haitaki dawa. Ikiwasha, punguza pilipili."

"Mimi nimekuwa nikisukutua na waragi," Etyang akakiri.

"Waragi! Mzee, hiyo ndiyo inakuchoma!"

Edith hakucheka. "Na ukimwi je?"

"Ukimwi haujulikani kwa kuangalia ulimi, mama. Ni damu inapimwa. Na hata mtu akiwa nao, haupitii kwa mrija wa ajon."

"Sasa ni ulimi gani wa kuogopa?" Edith akauliza.

"Ukiona utando mweupe kama maziwa ya kuganda, ama uvimbe, ama kidonda kimekataa kupona wiki mbili, kuja haraka. Usikwangue, usichome."

Walipimwa damu wote wawili. Majibu yalipokuja, hakuna aliyekuwa na virusi. Edith alilia kwa furaha palepale kwenye benchi. Jioni hiyo godoro likarudi mahali pake.

Jumapili, Etyang aliwasimulia wenzake yote. Mirija ikarudi chunguni, na waragi yake ikachekwa sana. Ojakol peke yake hakucheka. Alimvuta kando.

"Etyang, hiyo ya kidonda… Mimi niko nacho, kando ya ulimi. Miezi mbili sasa."

Etyang angeweza kumlipiza. Hakufanya hivyo. Jumatatu alimpeleka hospitali kwa lori lake.

Daktari alikuta jino lililovunjika likiukwaruza ulimi kila siku. Akaling'oa, akamwambia Ojakol arudi baada ya wiki mbili ili kidonda kiangaliwe tena. Aliporudi, kilikuwa kimefunga.

Jumapili iliyofuata Ojakol alisogeza kiti chake mpaka kando ya Etyang.

"Ojakol," Etyang akasema, "hebu toa ulimi."

Ojakol akautoa mbele ya wote, mzima kabisa, kisha akaingiza mrija wake karibu na wa Etyang, wakanywa.