Mama, Hiyo Siyo Juisi

Meseji ya Nikodemu, mchumba wake, iliingia wakati Teddy anamwonjesha Makoye, mfanyabiashara wa mchele, waini ya nanasi.

"Nakuja na mama. Tuko kwenye bajaji tayari. Ficha chupa, nimemwambia unauza juisi. Nakuomba mpenzi."

Teddy aliisoma mara mbili. Alipoinua macho, bajaji ilikuwa inasimama mlangoni.

Chumba chake cha kuonjea kilikuwa kidogo, kando ya barabara pale Kibaoni. Mabenchi mawili, meza ndefu, glasi ndogo ndogo, na rafu ya chupa alizotengeneza kwa mikono yake: rozela, ndizi, nanasi. Wasafiri wa Mlimba na Mahenge walishuka, wakaonja, wakaondoka na chupa. Ifakara nzima ilijua Teddy ni mtengeneza waini. Asiyejua alikuwa mtu mmoja tu, mama yake Nikodemu, aliyekuwa akiishi Mahenge na sasa ameteremka kumwona mkwe mtarajiwa kabla ya mahari.

"Shikamoo mama. Karibu sana."

"Marahaba mwanangu. Kumbe ndiyo wewe. Niko amekusifia mpaka nikachoka." Mama akaketi kwenye benchi, akajipepea kwa kitenge. "Jua la huku bondeni siyo la kwetu milimani. Na hapa ndipo unapouzia juisi yako?"

Nikodemu akawahi kujibu. "Ndiyo mama. Juisi za matunda. Za asili kabisa."

Teddy akamtazama. Mwalimu wa kwaya ya Lipangalala, mwanaume anayesimama mbele ya watu arobaini akawaongoza kwa kidole, leo alikuwa anatazama sakafu.

"Basi mama yenu ana kiu," Mama Nikodemu akasema. Mezani kulikuwa na glasi ya rozela aliyomiminiwa Makoye na bado hajaigusa. Nyekundu, inapendeza. Mama akaichukua.

Teddy alingoja Nikodemu aseme neno. Nikodemu aliiona glasi ikipanda. Akafumbua mdomo, akaufumba.

Glasi ilikuwa imeshafika mdomoni.

"Mama, usinywe," Teddy akasema. "Hiyo siyo juisi. Ni waini."

Mama Nikodemu akaishusha taratibu, kama mtu anayeweka yai.

"Waini. Pombe?"

"Ndiyo mama. Natengeneza mwenyewe. Sijawahi kuuza juisi hata siku moja."

Mama akamgeukia mwanawe. "Niko. Siku tuliyomzika baba yako niliapa nini?"

"Kwamba pombe haitagusa mdomo wako tena, mama."

"Na ulikuwa umekaa hapo unaniangalia."

"Mama, nilitaka..."

"Niitie bajaji."

Aliondoka bila kuaga. Nikodemu akabaki katikati ya mlango, mguu mmoja ndani, mwingine nje.

"Teddy, ungeniachia tu. Ningemweleza polepole."

"Ungemweleza lini? Akishalewa?"

"Unajua baba alivyokuwa. Mama hawezi kukubali mkwe muuza pombe. Nilikuwa napigania ndoa yetu."

"Ulikuwa unanionea aibu." Teddy akavua pete, akaiweka kwenye kiganja cha Nikodemu. "Mfuate mama yako, Niko. Mimi nina wateja."

Makoye, aliyekuwa amejikunyata pembeni muda wote huo, akakohoa. "Dada, hiyo ya nanasi niongezee. Sasa hivi naihitaji kweli."

Siku zilizofuata simu ya Teddy haikutulia.

"Nisamehe. Pokea simu basi."

Teddy akaigeuza simu kifudifudi mezani.

"Najua nimekosa. Niambie nifanye nini."

Hapo Teddy akajibu: "Usiniulize mimi. Mimi sina la kuficha."

Baada ya hapo Nikodemu hakuandika tena. Teddy alijiambia ni afadhali. Lakini kila bajaji iliyopunguza mwendo, shingo yake iligeuka yenyewe, na siku moja alimimina waini ya ndizi mpaka ikafurika mezani, macho yakiwa barabarani.

Jumatatu, Mama Nikodemu akaingia, peke yake.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Kaa, usihangaike na viti." Akaweka mkoba magotini. "Jana Niko alikuja Mahenge. Jumuiya ilikuwa nyumbani kwangu. Tulipomaliza sala akasimama mbele ya wanawake wote ninaowahubiriaga habari za pombe. Akasema, mchumba wangu anaitwa Teddy, anatengeneza waini, nilimdanganya mama kwa sababu ni mwoga, na mchumba wangu si mwoga."

Teddy akaweka chini chupa aliyokuwa akiifuta.

"Nilitamani ardhi inimeze," mama akaendelea. "Lakini usiku wa jana nililala vizuri. Baba yake chupa alizificha kwenye mpunga, akaniambia anatoka kanisani. Miaka yote ile sikulia kwa ajili ya pombe, binti yangu. Nililia kwa kudanganywa. Sasa niambie. Wewe mwenyewe unakunywa?"

"Naonja, mama. Halafu natema. Nikimeza kila ninachoonja, jioni nitauza na meza."

Mama akabana midomo, ikamshinda, akacheka mpaka kitenge kikamdondoka.

"Na mtu akishalewa akaja hapa?"

"Simuuzii. Muulize Makoye, nilishamnyang'anya glasi, akaninunia wiki nzima."

"Haya. Mimi sitakunywa mpaka naingia kaburini, hilo ulijue. Na wewe ukiacha kutengeneza kwa ajili yangu, utakuwa umeanza ndoa kwa uongo." Akainuka, akachungulia nje. "Yuko pale chini ya mwembe wa fundi baiskeli. Nimemwambia asisogee mpaka nimwite. Nimwite, au nimrudishe alikotoka?"

Teddy akafuta mikono kwenye aproni. Hakukuwa na kitu cha kufuta.

"Mwite, mama."

Nikodemu akaja akitembea kama anayeitwa na mwalimu mkuu. Wateja watatu waliokuwa wakionja wakaweka glasi chini.

"Mimi nafanya kazi gani, Niko?" Teddy akamuuliza.

"Unatengeneza waini."

"Sijasikia."

"Teddy, mchumba wangu, anatengeneza waini," akasema kwa sauti ile ile ya kwaya, mpaka fundi baiskeli akageuka. "Nzuri kuliko zote bondeni."

"Hiyo ya mwisho umeongeza."

"Hapana. Niliionja kabla sijakupenda."

Teddy akacheka, akanyoosha kidole. Pete ikarudi mahali pake.

Ndoa ilitangazwa kanisani Jumapili tatu mfululizo, ikafungwa mpunga ulipokwisha kuvunwa. Ukumbini Lipangalala, wageni walinyweshwa waini ya rozela ya bibi harusi. Mama Nikodemu alipopewa kipaza sauti alisimama na soda yake mkononi.

"Mimi sinywi, na mnajua," akasema. "Watu wameniuliza imekuwaje nimempokea huyu. Nitawaambia. Siku moja mwanangu wa kumzaa aliniona naangamia akanyamaza. Binti huyu, aliyekuwa na kila sababu ya kunyamaza, alisema. Nikamwambia Mungu, huyu nipe, hata kama atakuja na mapipa yake."

Vigelegele vikapigwa. Teddy alilia mpaka vipodozi vikaharibika, na Nikodemu akamfuta kwa tai yake mpya.