Waliokula Kimya Valserre

Chokaa ilikataa kukauka. Kuta zote za abasia ya Valserre, makao ya kale ya watawa, zilikwisha kuwa nyeupe kama maziwa, isipokuwa pale chini ya tao la mwisho la ukumbi wa kulia chakula, walipozibua mlango wa zamani. Pale palitoa majimaji, pakanuka sufu iliyolowa.

"Umezidisha maji, mzee," Odile alimtania mumewe. Wote wawili walikuwa waashi waliopewa kazi ya kuikarabati abasia.

"Mimi? Chokaa naijua kuliko ninavyokujua wewe!" Thibaut akacheka.

Hakucheka tena. Kesho yake mezani alinyoosha kidole kuomba mkate. Odile alidhani ni mzaha, hadi alipomtikisa mabega na kuona machozi yakimtiririka, midomo ikiwa imebana kama iliyoshonwa.

Akamkimbilia Padri Gaspard kijijini.

"Mmezibua mlango ule?" padri aliuliza. "Watawa wa majoho ya sufu walikula ukumbini humo bila kusema neno. Mmoja alivunja kimya, wakamzibia kwa ukuta nyuma ya mlango ule akiwa hai. Abasia ikachomwa, paa likaanguka, ng'ombe wakalala humo karne nzima, lakini mlango ule hakuna aliyeugusa."

"Sisi tuliambiwa turudishe kila kitu kama zamani, Padri."

"Ndiyo. Na mmerudisha."

Mchana ule ule padri alisimama mlangoni mwa ukumbi na maji ya baraka. "Ubaki hapa, binti yangu," alinong'ona. "Hata nikikuita, usiingie."

Odile akabaki uani, amemshika Thibaut mkono, akimsikia padri akisali kwa sauti kubwa, kisha akasikia mabenchi yakiburutwa ingawa ukumbini hamkuwa na benchi hata moja, na makubazi ya watu wengi yakipita juu ya mawe, yakikaribia, yakizunguka, na ile harufu ya sufu ikimjaa kooni, na sala ikipungua, ikawa mnong'ono, ikawa pumzi tu, hadi akatamani padri amwite, walau amwite.

Hakuitwa.

Padri akatoka polepole, macho yamemtoka. Akamtazama Odile kwa huruma, akaweka kidole midomoni.

"Padri, sema! Nakuomba, sema nami!"

Padri akatikisa kichwa kwa hofu, akimsihi kwa mikono anyamaze. Thibaut naye akauchomoa mkono wake, akarudi nyuma. Wote wawili walikuwa wakitazama kitu kilicho mgongoni kwa Odile.

Odile akafumbua kinywa apige yowe. Kiganja cha baridi kikamziba, taratibu, kama mama anavyomnyamazisha mtoto.