Upande wa Mtu wa Mwisho

Haya hayakunipata mimi. Yalimpata rafiki yangu Shedrack, fundi rangi wa Uyole, na hadi leo akinisimulia hanitazami usoni.

Alipewa kazi ya kurudishia rangi picha kubwa iliyochorwa ukutani, kwenye ukumbi wa abiria wa stesheni ya Mbeya. Ni picha ya wajenzi sita wa reli, wamefuatana, wamebeba chuma kirefu begani. Uso wa yule wa mwisho ulikuwa umebanduka kwa unyevu. Shedrack hajui kuchora nyuso, na aliona aibu kusema. Akachovya brashi kwenye rangi ya ukuta, akamfuta mtu mzima.

Mama Bertha, mfagiaji, akasimamisha ufagio. "Fundi, sasa upande wake atabeba nani?"

"Hiyo ni picha tu, mama," akajibu, akainama kwenye kopo lake.

Jioni mvua ikashuka, umeme ukakatika. Ukumbi ule dari yake iko juu mno, hata ukikohoa sauti inakurudia. Shedrack alikuwa anaosha brashi gizani aliposikia watu wakihema kwa uchovu, kisha chuma kikikwaruza saruji, taratibu, upande wa ukuta wake.

"Samahani," akanong'ona.

Umeme uliporudi, akatazama. Rangi yake ilikuwa imekauka vizuri, bila doa. Ila chuma kilikuwa kimelala upande wa nyuma, na yule mtu wa tano, aliyekuwa wima asubuhi, alikuwa amepiga goti.